Amri ya Nane na Dini za Wengine

Amri ya nane ya Mungu hutukataza kumshuhudia jirani uongo. Tangu utoto tumefundishwa maana yake: tusimsingizie mtu wizi asioufanya, tusimvunjie mwanamke heshima yake kwa maneno ya kisimani, tusiseme uongo barazani mbele ya hakimu. Mambo hayo twayajua, na tukikosa twayaungama. Lakini liko swali moja ambalo ni mara chache kuulizwa. Je, mtu aweza kuivunja amri hii juu ya sala ya jirani yake? Aweza kushuhudia uongo, si juu ya mbuzi wala juu ya shamba, bali juu ya namna taifa zima linavyomwendea Mungu?

Twasema aweza. Tena twasema kwamba kosa hilo limetendwa katika bara letu kwa muda mrefu, katika vitabu vyenye sifa, na watu ambao baadhi yao walikuwa wema na wacha Mungu. Madhara yake hayajaisha, maana sisi wenyewe tumelirithi. Yafaa basi tulichungue kosa hilo lilivyoanza na lilivyokua, ili tujue ni kitu gani kinachotupasa kurudisha.

Iko elimu iitwayo elimu ya kulinganisha dini. Kazi yake ni kuzitazama dini za watu mbalimbali, kuziweka moja kando ya nyingine, na kuuliza zinafanana wapi na zinaachana wapi. Mmoja wa waasisi wake wakuu katika Ulaya ya karne ya 19 alikuwa Mjerumani Max Müller, profesa wa Oxford huko Uingereza. Mwaka 1870 alitoa hotuba zake mjini London, nazo zikapigwa chapa kuwa kitabu mwaka 1873. Alifundisha kwamba mtu anayejua dini moja tu, hata hiyo moja haijui sawasawa. Fundisho hilo lina kweli ndani yake. Lakini katika hotuba hizo hizo aliuchukua msemo wa kale wa Kilatini unaopendwa na watawala, wa kwamba anayetaka kutawala na awagawanye watu, akaugeuza kidogo kwa ajili ya elimu yake: yapange mambo kwa aina zake, nawe utayashinda. Yeye hakuwa na askari, wala hatusemi kuwa alikuwa mtu mbaya. Ila tukumbuke kwamba kazi yake kubwa ya kuipiga chapa Rig Veda, maandiko matakatifu ya Wahindu, ilianza kwa gharama ya Kampuni ya Uingereza ya India ya Mashariki, yaani kampuni ile iliyokuwa ikiitawala India kwa bunduki na kwa kodi.

Kujifunza dini ya mwingine si dhambi. Swali letu ni hili: habari zilipatikanaje, nani alizitoa, nani aliziandika, na huyo mwandishi alikuwa na faida gani katika shauri lenyewe? Kila mzee wa baraza ajua kwamba shahidi mwenye fungu katika shamba linalogombaniwa hasikilizwi sawa na shahidi asiye na fungu.

Tutazame mambo yalivyokwenda Afrika ya Kusini. Waholanzi walifika Rasi ya Tumaini Jema mwaka 1652, wakafungua kituo cha kupatia meli zao chakula na maji. Wenyeji wa mahali hapo, Wakhoikhoi, walikuwa wafugaji, na kufika mwaka 1659 vita vilikuwa vimekwisha kuzuka juu ya malisho. Habari zilizopelekwa Ulaya katika miaka ile zilirudia mara nyingi neno moja: watu hawa hawana dini. Baadaye Mjerumani mmoja, Peter Kolb, alikaa huko Rasini tangu mwaka 1705 hata 1713, na mwaka 1719 akatoa kitabu kikubwa akisema kinyume chake, kwamba Wakhoikhoi wanayo dini na ibada zao. Je, kitu gani kilikuwa kimebadilika? Wakhoikhoi hawakuipata dini katika miaka hiyo hamsini. Kilichobadilika ni kwamba malisho yao mengi yalikuwa yamekwisha kuchukuliwa na nguvu zao zimevunjika.

David Chidester, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Cape Town, katika kitabu chake Savage Systems cha mwaka 1996, ameonyesha kwamba jambo hilo halikutokea mara moja. Mahali nchi ilipokuwa bado inagombaniwa, wageni walisema kwamba wenyeji hawana dini. Wenyeji walipokwisha kushindwa na kuwekwa chini ya serikali, dini yao ikavumbuliwa, ikaandikwa na kupangwa, kama vile vibanda na ng'ombe wao walivyohesabiwa kwa ajili ya kodi. Sababu yake si ngumu kuiona. Mtu asiye na dini hana kiapo, na asiye na kiapo haaminiwi katika mapatano. Asiye na kaburi la kuheshimu husemwa kuwa hana mahali pake hasa, na nchi yake huonekana kuwa pori lisilo na mwenyewe. Neno lile lilisemwa kana kwamba ni habari ya elimu tu, kumbe lilikuwa hukumu juu ya ardhi.

Wala si walowezi peke yao waliolisema. Robert Moffat, mmisionari wa Kiprotestanti kutoka Uskoti, alifanya kazi kwa miaka mingi huko Kuruman kati ya Watswana. Katika kitabu chake cha mwaka 1842 alieleza kwamba hakuona dini kwa watu hao. Alikuwa mtu wa bidii kubwa. Alijifunza lugha yao, akaitafsiri Biblia nzima, kazi iliyokamilika mwaka 1857. Lakini katika tafsiri hiyo neno badimo, ambalo kwa Watswana ni wazee waliotangulia wanaowaangalia watoto wao, lilitumiwa kuwataja mashetani. Musa Dube, mtaalamu wa Maandiko kutoka Botswana, aliyaeleza madhara ya tafsiri hiyo mwaka 1999. Mfikirieni mtoto wa Kitswana anayesoma Injili kwa mara ya kwanza, akafika mahali Bwana wetu Yezu Kristu anapowafukuza pepo, akaona kwamba wanaofukuzwa ni babu zake. Hakuna aliyepigana na mtoto huyo. Alipewa kitabu kitakatifu mkononi, na ndani yake mlikuwa na ushahidi wa uongo juu ya ukoo wake.

Tena uko mfano wa Natal, ambao sisi tulio na makatekista katika kila kigango yatupasa kuutazama kwa makini zaidi. Henry Callaway, mmisionari wa Kianglikana, alichapisha kati ya miaka 1868 na 1870 kitabu juu ya dini ya Wazulu. Yeye alifanya jambo jema ambalo wengi hawakulifanya: aliyaandika maneno ya Wazulu kwa Kizulu chenyewe, na Kiingereza kando yake. Sehemu kubwa ya maneno hayo ilitolewa na katekista wake, Mpengula Mbande. Mbande alieleza habari za uaguzi, za magonjwa na za ndoto. Alieleza pia habari ya mtu aitwaye James, Mkristo aliyekaa misioni miaka mingi, kisha akaanza kuugua na kusumbuliwa usiku na wazee wake waliomwita awe mwaguzi. Mbande alikwenda kumtazama. Anayeisoma habari hiyo humwona mtu aliyevutwa huku na huku, kati ya Ubatizo wake na ukoo wake, katika nchi ambayo Waingereza walikuwa wameitwaa na kuwatengea wenyeji maeneo ya kukaa. Ni shida ambayo kila padre wa Afrika ameisikia mlangoni pake.

Kitabu cha Callaway kilifika Uingereza, kikasomwa na wataalamu. Mmoja wao, Edward Tylor, aliandika mwaka 1871 kitabu kilichosifiwa sana, Primitive Culture, ambamo alifundisha kwamba dini ilianza pale watu wa kale walipowaona wafu katika ndoto, wakadhani kwamba kila kitu kina roho. Katika kulithibitisha fundisho hilo alizitumia ndoto za Wazulu zilizoandikwa na Callaway. Lakini mtu kama James hakuwamo. Badala yake alikuwamo Mzulu asiye na jina wala mwaka, anayefikiri kama binadamu wa zama za kwanza. Shida ya juzi ilifanywa kuwa ushahidi wa zamani za kale. Mtu aliyekuwa akiishi mambo mapya kabisa ya wakati wake, tena kwa uchungu, aliwekwa katika kabati la vitu vya kale. Na jina la Tylor lajulikana katika vyuo vyote vinavyofundisha elimu hii, lakini ni wangapi wanaolijua jina la Mpengula Mbande, ambaye bila yeye kurasa zile zingalikuwa tupu?

Msomaji Mkatoliki asije akafurahi kwamba yote haya yalikuwa makosa ya Waprotestanti. Na tuje kwetu. Okot p'Bitek, mshairi na mtaalamu wa Uganda, alichapisha mwaka 1970 kitabu juu ya dini za Afrika katika elimu ya Wazungu. Humo asimulia kwamba mwaka 1911 mapadre Waitalia waliwakusanya wazee wa Kiacholi, wakawauliza: Nani aliyewaumba? Lugha ya Waacholi haikuwa na neno la kuumba kwa maana waliyoitaka mapadre, ya kufanya kitu kutoka si kitu. Swali likawafikia wazee kana kwamba limeuliza: Nani aliyewafinyanga? Tusiwashangae, maana hata katika Kiswahili chetu kuumba ni kazi ya Mungu na pia ni kazi ya mfinyanzi wa vyungu. Wazee hawakulielewa swali. Mwisho mmoja wao alikumbuka kwamba mtu aweza kuzaliwa mzima, kisha ugonjwa wa kifua kikuu ukashika uti wa mgongo wake, ukampinda akawa na kibyongo, kana kwamba amefinyangwa upya. Basi akajibu: anayewafinyanga watu ni Rubanga. Hilo lilikuwa jina la pepo mbaya aliyesemwa kuleta ugonjwa huo. Mapadre wakaliandika jina, likaingia katika katekisimu.

Mapadre wale hawakuwadharau Waacholi. Hawakusema kwamba hawana dini, kama alivyosema Moffat juu ya Watswana. Walitafuta katika lugha ya watu jina la kumwitia Mungu, na nia hiyo ilikuwa njema. Kosa lao lilikuwa jingine: walifika wakiwa wamekwisha kuwa na jibu, wakauliza swali ili wapewe jibu hilo. Hapa twaona kwamba uongo juu ya dini ya jirani una sura mbili. Ya kwanza ni kumnyima jirani dini aliyo nayo. Ya pili ni kumvika dini yetu, tukiyachukua maneno yake na kuyatia maana zetu, kisha kumwambia: tazama, nawe wasema kama sisi. Sura ya kwanza ina matusi na ya pili ina adabu, lakini katika zote mbili jirani mwenyewe hakusikilizwa.

Hatuyakubali yote aliyoyaandika p'Bitek. Yeye aliwalaumu hata wataalamu wa Kiafrika waliosema kwamba babu zetu walimjua Mungu Muumba, akadai kwamba wameivalisha miungu ya Afrika majoho ya Kigiriki. Sisi twashika fundisho la Mtume Paulo kwa Warumi, kwamba akili ya binadamu yaweza kumtambua Muumba kwa vitu vilivyoumbwa, wala hatuoni sababu ya kuinyima akili ya Mwafrika uwezo huo. Tena Wakristo wa Kiacholi wamesali kwa jina lile kwa zaidi ya miaka mia, na Mungu hakungoja kamusi itengenezwe ndipo awasikie. Lakini onyo lenyewe limesimama. Tusipoangalia, twaweza kumsifu jirani kwa maneno ambayo yeye hakuyasema kamwe.

Wako watakaosema: si wataalamu wote waliokuwa hivyo. Ni kweli, wala haki haituruhusu kuwachanganya wote. Mwaka 1866 Samuel Baker, msafiri Mwingereza aliyefika katika nchi za Mto Nili, aliwaambia wataalamu wa London kwamba watu wa huko hawana imani yoyote katika Mungu. Miaka 90 baadaye, mwaka 1956, mtaalamu Edward Evans-Pritchard alitoa kitabu juu ya dini ya Wanuer, watu wa nchi hizo hizo. Alikuwa amekaa nao, akajifunza lugha yao, naye aliandika juu ya Mungu wao, sadaka zao na toba yao kwa heshima kubwa hata msomaji anaona kwamba anasoma habari za watu wanaosali kweli. Mtaalamu huyo alipokelewa katika Kanisa Katoliki mwaka 1944. Lakini hata yeye, alipofika kwa Wanuer mara ya kwanza mwaka 1930, alifika kwa ombi la serikali ya Sudan ya wakati ule, muda mfupi baada ya ndege za serikali hiyo kuwapiga Wanuer mabomu. Wenyeji walimtilia mashaka mgeni huyo, nao walikuwa na haki. Hivyo twajifunza kwamba moyo mwema haumtoi mtu mara moja mahali alipowekwa na mabavu. Mwenye moyo mwema hana budi kujua pia amesimama wapi.

Wengine watauliza: je, kusema hivyo si kufundisha kwamba dini zote ni sawa? La hasha. Twaamini kwamba Yezu Kristu ndiye njia na ukweli na uzima, na kwamba Kanisa limetumwa kumhubiri kwa mataifa yote. Kwa sababu hiyo hiyo hatuwezi kuutumia uongo. Katika Kitabu cha Ayubu, yule mtu mwenye haki aliwauliza rafiki zake kama walitaka kumtetea Mungu kwa maneno ya udanganyifu. Swali hilo ni letu pia. Ukweli wa Injili haupungukiwi kitu tukisema ukweli juu ya sala ya mtu asiyeijua Injili. Anayeogopa kumsikiliza jirani yake hadi mwisho ameonyesha kwamba imani yake mwenyewe ni ya woga.

Tena sisi Wakristo tungalipaswa kulijua jambo hili kuliko watu wote, kwa sababu lilianza kwetu. Yapata mwaka 112 liwali wa Kirumi aitwaye Plinius, aliyetawala Bitinia, alimwandikia Kaisari Trajanus kumweleza habari za Wakristo. Alitaka kujua dini hiyo ni ya namna gani. Basi akawatwaa wanawake wawili watumwa, waliokuwa wahudumu wa Kanisa, akawatesa ili waseme. Kisha akaandika kwamba hakuona kitu ila ushirikina mbaya uliopita kiasi. Hiyo ndiyo mojawapo ya habari za kwanza kabisa zilizoandikwa na mtawala juu ya ibada yetu. Mle mna habari za kukutana kabla ya mapambazuko na kumwimbia Kristu kama Mungu. Habari hizo ni za kweli, na wanahistoria wazitumia hata leo. Lakini majina ya wanawake wale hayakuandikwa. Waliulizwa juu ya jambo walilolipenda kuliko uhai, na aliyeuliza alikuwa na mjeledi. Katika karne hiyo hiyo ya pili Mtakatifu Yustino alilazimika kuandika kwa Kaisari kuwatetea Wakristo, kwa maana walishtakiwa kwamba hawana Mungu.

Basi sisi tuliitwa watu wasio na Mungu na waliokuwa na miungu mingi. Sisi tuliitwa washirikina na mtawala aliyetutesa ili kutusoma. Anayezikumbuka habari hizo atawezaje kuyarudia maneno hayo hayo juu ya mwingine bila kutetemeka?

Kanisa limelitambua jambo hilo. Mtaguso Mkuu wa Vatikano wa Pili, katika tamko lake la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba Kanisa halikatai kitu chochote kilicho cha kweli na kitakatifu katika dini nyingine. Mwaka 1967 Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliandika ujumbe kwa bara la Afrika, akaisifu imani ya wazee wetu katika Mungu na heshima yao kwa ukoo. Mwaka 1993, huko Cotonou katika nchi ya Benin, Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili alikutana uso kwa uso na viongozi wa dini ya Vodun, dini ambayo kwa muda mrefu ilisimuliwa duniani kana kwamba ni uchawi mtupu. Hakwenda kuwakubalia yote. Alikwenda kuzungumza nao kama watu wenye dini.

Lakini walimu wetu wa maadili wamefundisha siku zote kwamba aliyemsingizia mwenziwe hatoshelezwi na kuungama tu. Lazima arudishe. Mwizi arudisha mbuzi, na msingiziaji arudisha heshima. Turudishe kwa namna gani? Twataja mambo matatu.

La kwanza, tumuulize mwenye kusali kabla ya kusema juu ya sala yake, tena tumuulize tukiwa tayari kusikia jibu tusilolitegemea. Mtume Paulo alipofika Atene alitembea kwanza mjini, akazitazama altare zao, ndipo aliposimama kusema. Tukumbuke pia kwamba alifika bila jeshi.

La pili, tulinganishe kwa haki. Ni desturi mbaya kulinganisha watakatifu wetu na wachawi wao, au Misa yetu kama inavyoelezwa katika vitabu na tambiko lao kama linavyosimuliwa na walevi. Tukitaka kulinganisha, tulinganishe wema na wema, na kosa na kosa. Ndipo tutakapoona tofauti za kweli, nazo zipo, nazo ni kubwa.

La tatu, tuwataje mashahidi kwa majina yao. Katika parokia nyingi mna vitabu vya kale na daftari za misioni, na ndani yake mna maneno ya wazee na makatekista waliowaeleza mapadre desturi za nchi. Wajukuu wao wangali hai. Wanaosoma vyuoni na kuandika juu ya dini za Afrika watafute majina hayo na kuyaandika, na parokia zisiziache daftari hizo ziliwe na mchwa.

Tena liko jambo moja zito kuliko hayo. Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961, na nchi jirani zikafuata. Kalamu sasa imo mikononi mwetu. Je, twaitumiaje? Karibu na Ziwa Eyasi wanakaa Wahadzabe, watu wachache wanaoishi kwa kuwinda na kuchuma asali na matunda ya porini. Katika giza la usiku usio na mbalamwezi hucheza ngoma yao takatifu iitwayo epeme, kwa kicho na utaratibu. Hata hivyo, hawakosekani kati yetu, watu wenye shule na Ubatizo, wanaosema kwamba Wahadzabe hawana dini, hawana desturi, hawana makao. Na wakati maneno hayo yanasemwa, wakulima na wafugaji wanaingia katika pori lao, miti inakatwa, wanyama wanakwisha. Tusidhani kwamba mambo hayo mawili yanakwenda mbalimbali. Huko Rasini mwaka 1659 yalikwenda pamoja, na kwetu pia yanakwenda pamoja. Tofauti ni kwamba safari hii anayesema si Mholanzi.

Hatuna haja ya kwenda mbali hata Eyasi. Yuko jirani yetu Mwislamu, ambaye wengine wetu twayasimulia mafundisho yake bila kumuuliza hata mara moja. Yuko bibi yetu, ambaye kabla ya kupanda mbegu humwaga maji kidogo chini na kuwataja wazazi wake waliokufa, na mjukuu aliyetoka shule husema mbele ya wageni kwamba bibi huabudu mashetani. Labda katika kitendo cha bibi yamo mambo ya kutakaswa na Injili. Padre atasema naye, na yeye atajibu. Lakini kwanza aulizwe: Bibi, wafanya nini hapo, na wamwambia nani? Mjukuu asiyeuliza hivyo amemshuhudia uongo mzazi wa mzazi wake, na hapo ameivunja amri ya nne pamoja na ya nane.

Wasomaji wapenzi, twajua kwamba ni vigumu kumsikiliza mtu ambaye umekwisha kumwandikia maisha yake. Wazungu walilishindwa jambo hilo walipokuwa na bunduki, na sisi twaweza kulishindwa tukiwa na vyeti. Lakini Mungu ambaye Plinius hakumwona katika mateso ya wanawake wale wawili alikuwapo pale. Tunapokwenda kuungama, basi, tukifika penye amri ya nane tusiishie kwenye mambo ya mbuzi na ya mashamba. Tujiulize pia tumesema nini juu ya sala za majirani zetu, na kama tumesema uongo, tukaurekebishe mbele ya wale wale waliotusikia.